Namna ya Kumjengea Mtoto wa Shule ya Msingi Mapenzi ya Kusoma

Katika shule moja niliyowahi kufundisha palikuwa na kabati la vitabu vya hadithi ambalo ufunguo wake ulikaa ofisini, kwenye droo ya mwalimu ambaye mara nyingi hakuwapo. Vitabu vile vilikuwa visafi kupita kiasi, kwa kuwa hakuna aliyevigusa. Siku kabati lilipofunguliwa kwa ajili ya wakaguzi, mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza kwa sauti ya chini kama vilikuwa vinauzwa. Swali lile hunijia kila ninapoulizwa na mzazi au mwalimu mwenzangu afanye nini ili watoto wapende kusoma, maana mara nyingi anayeuliza amekwisha kununua vitabu, amehimiza, pengine amekaripia pia, ila mtoto bado anakiona kitabu kuwa mali ya wakubwa inayotolewa siku ya kukaguliwa.

Mwongozo huu unawahusu watoto wa umri wa kati ya miaka 6 na 13 hivi. Ninaloshikilia ni kwamba mapenzi ya kusoma hayafundishwi kama jedwali la kuzidisha. Huota pale mtoto anapoweza kusoma bila kuteseka, anapokuwa na kitabu alichokitaka mwenyewe, na anapopata muda wa kukisoma bila mtu kumsubiri mwishoni na maswali. Kazi ya mtu mzima ni kuyakutanisha mambo hayo matatu, kisha anyamaze, na kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi wetu.

Pima kwanza kama kusoma kunamchosha

Kabla ya kumwita mtoto mvivu wa kusoma, mketishe karibu nawe umsikilize akisoma ukurasa mmoja. Maandishi ya Kiswahili yana sifa inayoweza kumdanganya msikilizaji: kwa kuwa herufi hutamkwa karibu kwa namna ile ile popote zinapotokea, mtoto aliyezijua silabi zake anaweza kulitamka karibu neno lolote utakalomwekea mbele, liwe analielewa au halielewi. Ukimsikia akisoma "mkandarasi" bila kukosea utampongeza, kumbe hajui kama huyo ni mtu, mnyama au ugonjwa. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi: kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili vinavyozidishana, yaani uwezo wa kuyafumbua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe, hivyo kimoja kikiwa sifuri na jibu huwa sifuri. Mtoto anayetamka tu, bila picha yoyote kumjia kichwani, hana sababu ya kufungua kitabu cha pili.

Tatizo jingine ni urefu wa maneno yetu. Chukua neno "aliponikimbilia". Ndani ya neno hilo moja msomaji anatakiwa ajue kwamba kuna mtu aliyekimbia, kwamba jambo limekwisha kutokea, kwamba linatajwa kwa wakati wake, na kwamba aliyekimbiliwa ni msimulizi mwenyewe. Mtu mzima hulimeza neno zima kwa kulitupia jicho mara moja. Mtoto anayevuta silabi, a-li-po-ni-ki-mbi-li-a, akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo, na akiisoma sentensi nzima kwa mwendo huo hadithi humponyoka kabla hajaikamata. Mtoto wa namna hiyo hata ukimhimiza kutwa hutamsaidia, kwa kuwa anachokosa ni maandishi mepesi zaidi na nafasi ya kurudia. Mpe kifungu kifupi cha sentensi nne au tano, akisome leo, kesho na keshokutwa, mpaka kitiririke. Usiogope kwamba atakikariri. Kusikia sauti yake mwenyewe ikisoma bila kukwama ni jambo ambalo pengine hajawahi kulionja.

Kuna kipimo cha vidole ambacho walimu wengi hukitumia kuchagua kitabu. Mtoto hufungua ukurasa wa katikati na kukunja kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua, na vidole vitano vikikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kinawekwa kando kwa muda au anasomewa. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, nami nimewaona watoto wakikivuka kwa furaha kwa sababu tu kitabu kilihusu jambo walilokuwa wazimu nalo.

Usichelewe kushughulikia kukwama huku. Mwaka huo huo wa 1986 Keith Stanovich alieleza jinsi pengo kati ya wasomaji linavyojilisha lenyewe: anayesoma kwa wepesi husoma zaidi, hupata msamiati zaidi, na wepesi wake huongezeka, ilhali anayesoma kwa shida huepuka kusoma na kuzidi kuachwa nyuma. Alilipa jambo hilo jina la Mathayo, kutokana na mstari wa Injili usemao kwamba mwenye kitu huongezewa na asiye nacho hunyang'anywa hata kile kidogo.

Msomee, hata akiwa anajua kusoma

Hili nalitilia mkazo kuliko mengine yote. Wazazi wengi huacha kumsomea mtoto pindi tu anapojua kusoma mwenyewe, wakidhani kazi imekwisha, wakati kwa miaka mingi ya shule ya msingi masikio ya mtoto huwa yametangulia mbali kuliko macho yake. Mtoto wa miaka 7 anaweza kufuata kwa kuisikia hadithi ndefu yenye fitina, safari na watu kumi tofauti, lakini kwa macho yake anaweza tu kitabu chembamba chenye sentensi tatu kila ukurasa. Ukiacha kumsomea, unamwachia zile hadithi nyembamba peke yake, na akili yake yenye njaa kubwa zaidi itakwenda kutafuta chakula mahali pengine.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha, mradi ziwe za saa ile ile, iwe kabla ya kulala au mara baada ya mapumziko darasani. Pitia sura hiyo peke yako kwanza, walau kwa haraka, ili usishtukizwe na sentensi ngumu katikati. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Huhitaji kuigiza sauti ya kila mhusika, ila sauti ishuke panapostahili kushuka, na mwendo ubadilike panapokuwa na mbio au hofu. Mtoto wa nyumbani aketi ubavuni pako aweze kuona ukurasa. Darasani, shika kitabu kikiwa kimeelekezwa kwa watoto kila penye picha, na usisome ukiwa umewapa kisogo.

Ukikutana na neno gumu, usisimame kulifundisha. Litafsiri kwa maneno machache huku ukiendelea: "Alitaharuki, yaani aliingiwa na wasiwasi mkubwa, akakimbilia mlangoni." Mtoto hupata maana bila uzi wa hadithi kukatika, na neno lenyewe atakutana nalo tena mbele.

Kisha jifunze mahali pa kukomea. Tuseme umefika kwenye sentensi isemayo: "Mlango ulifunguka polepole, lakini nje hapakuwa na mtu." Funga kitabu hapo. Mtoto atalalamika na kuomba ukurasa mmoja tu wa ziada. Mwambie kwa upole kwamba mtaendelea kesho, halafu kiache kitabu mezani, mahali anapoweza kukifikia, uende zako. Ukirudi baadaye ukamkuta amekiinamia, jifanye hukumwona. Nimeifanyia hila hii madarasa mengi, nami sijui njia nyingine inayomfikisha mtoto kwa haraka namna hiyo kwenye hatua ya kusoma kwa hiari yake.

Mzazi asiyesoma kwa wepesi asijione ametengwa. Anaweza kusimulia ngano alizozisikia utotoni, kwa kuwa mtoto aliyelishwa hadithi za mdomo anajua jinsi kisa kinavyoanza, kinavyopinda na kinavyofunguka, na ujuzi huo huenda naye kitabuni. Anaweza pia kumwomba mtoto amsomee yeye. Mtoto anayemsomea mkubwa asiyemrekebisha husoma kwa kujiamini ajabu.

Kusoma kwa sauti mbili

Kwa mtoto anayekwamakwama ipo mbinu ya kusoma wawili kwa pamoja, iliyoenezwa na mwanasaikolojia wa elimu Keith Topping, ambayo haihitaji mafunzo wala vifaa. Mtoto achague kitabu. Ketini ubavu kwa ubavu, kitabu katikati, na msome kwa sauti nyote wawili kwa mwendo wa mtoto, si kwa mwendo wako. Kubalianeni mapema juu ya ishara, kwa mfano kugonga meza kidogo kwa kidole. Mtoto akijisikia ana nguvu hugonga, nawe unanyamaza papo hapo na kumwacha aendelee peke yake. Akikosea au akikwama, ngojea sekunde nne au tano, kwa sababu mara nyingi atajirekebisha. Asipoweza, litamke neno kwa usahihi, alirudie, na sauti zenu ziungane tena mpaka atakapogonga.

Zile sekunde za kungojea ndizo ngumu. Ulimi utakuwasha, utataka kumwambia "angalia vizuri" au "vuta silabi", nawe ujizuie, kwa kuwa maneno hayo hugeuza usomaji kuwa mtihani. Msichana mmoja niliyesoma naye hivi kwa majuma kadhaa hakugonga meza hata mara moja katika siku nne za kwanza. Alijibanza chini ya sauti yangu kama mtu aliyekinga mvua. Siku ya tano aligonga, akasoma sentensi mbili, akakwama, akangoja niungane naye, na kabla ya ukurasa kuisha alikuwa amegonga tena. Sikumsifu kwa maneno mengi. Nilimwambia tu kwamba nimeona alivyolirudia neno "walipoagana" na kulisahihisha mwenyewe, kwa sababu sifa inayotaja jambo hasa hukaa kuliko ile ya jumla.

Mwache achague, na mwache aache

Palikuwa na mvulana aliyeazima kitabu kimoja cha picha kuhusu injini mara tano mfululizo. Nilitaka kumzuia ili apate "kitabu halisi", na nashukuru sikuwahi. Kurudia kitabu ni namna ya mtoto ya kuthibitisha kwamba anakimudu, na kila safari huona jambo ambalo hakuliona kabla. Isitoshe, ujuzi wa jambo linalosomwa una nguvu kuliko tunavyodhani. Katika utafiti wa mwaka 1988 uliofanywa Marekani na Donna Recht na Lauren Leslie, wanafunzi walisoma simulizi la mchezo wa besiboli, na wale waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaoujua mchezo walilielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mtoto anayepuuzwa kama msomaji dhaifu huenda ni hodari mbele ya kitabu cha jambo lake.

Kwa hiyo katuni zihesabiwe kuwa kusoma, vichekesho vihesabiwe, habari za wachezaji wa kandanda, vitabu vya wanyama, vitendawili, hata maelezo ya jinsi ya kuunda kishada. Mtu mzima ana wajibu wa kukagua kama yaliyomo yanafaa umri wa mtoto, na wajibu huo asiugeuze kuwa kisingizio cha kumlazimishia ladha yake. Ukitaka kumpanua, weka daraja: anayependa injini apewe kisa cha safari ya garimoshi, na anayependa wanyama apewe hadithi ambayo mnyama ndiye msimulizi. Acha kitabu hicho mahali atakapokiona, wala usimwambie kwamba kina manufaa kwake.

Mruhusu pia kukiacha kitabu kisichomvutia. Asome sura moja, na kama bado hakijamshika akirudishe bila kujieleza. Sisi wenyewe huviacha vitabu na hakuna anayetupa alama.

Punguza maswali

Katika hili najua nitapingwa na baadhi ya walimu wenzangu. Zoezi la ufahamu lina kipindi chake na lina faida yake, lakini likifuata kila kitabu anachokigusa mtoto huanza kusoma kwa ajili ya maswali, akiwinda jina la mhusika mkuu na funzo la hadithi, na kuyaruka yote mengine. Kitabu cha starehe kisifuatwe na swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" Hadithi nyingine hazifundishi kitu; zinachekesha tu, na hilo linatosha.

Badala ya kuuliza, sema lako. Mwambie mtoto, "Mimi yule mzee wa mtoni sikumwamini tangu mwanzo," kisha nyamaza. Pengine atakujibu kwamba hata yeye hakumwamini, kwa sababu hakutaka kuonyesha mikono yake, nawe utapata ushahidi wa ufahamu kuliko ambao maswali kumi yangekupa. Pengine atainua mabega na kwenda kucheza. Mwache aende.

Zawadi na adhabu

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti kwa kuchora waliporudi kwenye muda wao huru walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Jambo walilolipenda lilikuwa limegeuka kazi ya malipo. Ndiyo maana sipendi mashindano ya nani amemaliza vitabu vingi. Huzaa watoto wanaofungua kurasa upesi na kuchagua vitabu vyembamba. Ukitaka kutoa zawadi, mpe kitabu kingine, au mruhusu kuchelewa kulala kwa robo saa mradi anasoma. Na kamwe usimtume mtoto akasome kwa kuwa amekosea, wala usimnyang'anye kitabu kama adhabu kisha utegemee atakipenda wiki ijayo.

Kuhusu simu na televisheni sina mengi ya kusema: kitabu hakiwezi kushindana nazo zikiwa zimewashwa, kwa hiyo zizimwe kwa muda mfupi unaojulikana, na mkubwa wa nyumba naye aizime yake na kushika cha kusoma, hata kama ni gazeti. Mtoto huangalia tunachofanya tukiwa na nafasi.

Darasa kubwa lenye vitabu vichache

Mwalimu mwenye nakala moja ya kitabu na watoto wengi bado ana nyenzo, kwa kuwa nakala moja inatosha kusomea darasa zima. Tenga dakika 15 za kusoma kimoyomoyo walau mara tatu kwa wiki, kila mmoja na cha kwake, wawili wawili ikibidi, na wewe usome pia badala ya kusahihisha madaftari, kwa sababu wanakutazama. Vitabu vipangwe majalada yakitazama nje, kwenye kamba au ubao ulioegemezwa ukutani, maana uti wa kitabu haumvuti mtoto wa miaka 8. Waoanishe wakubwa na wadogo: mwanafunzi wa darasa la sita anayesoma kwa shida hupata heshima na mazoezi akimsomea wa darasa la kwanza kitabu ambacho mbele ya wenzake angeona haya kukishika.

Vitabu vikipungua, vitungwe. Watoto wasimulie kisa, mwalimu akiandike kwa herufi kubwa, wao wachore, kurasa zishonwe kwa uzi na kuwekwa jalada la boksi, kisha kitabu hicho kipangwe pamoja na vile vya kununuliwa. Katika madarasa yangu vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyochakaa kwanza.

Daftari la kuazimia lishikwe na watoto wenyewe kwa zamu, likiwa na safu nne tu: jina, kitabu, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Kurasa zitachanika, na hilo ni gharama ya kitabu kusomwa. Chagua siku moja ya mwezi ya kuziunga kwa utepe wa gundi, mkisaidiana. Kitabu kisiporudi kwa wakati, muulize aliyekichukua kiko wapi bila kumtisha wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Ukisikia kwamba kiko nyumbani na sasa kimeshikwa na mdogo wake, mwandikie tarehe mpya.